Land Rover ya zamani: ibaki na injini yake au iwekwe ya Toyota?

Najua wengi mnasubiri sehemu ya pili ya makala ya viwavijeshi vamizi. Itakuja wiki ijayo. Leo nataka kujibu swali ambalo mwaka huu nimeulizwa na watu watatu, wote wakulima au wafanyabiashara wa mazao, na mara ya nne likaulizwa nyumbani kwetu, mbele ya mama mkubwa, na mimi nikatakiwa nitoe jibu. Swali lenyewe: nina Land Rover ya zamani, bado inatembea. Niiache kama ilivyotoka kiwandani, au ning'oe injini niweke ya Toyota?

Mtasema bwana shamba ameacha mbegu ameingia gereji. Lakini kwa mtu wa Mang'ola mwenye eka mbili za vitunguu, gari ni zana kama pampu ya maji. Hesabu yake ikikaa vibaya linakula faida ya shamba zima, na mwenye shamba hajui imeliwa na nini.

Gari la nyumbani kwetu ni Land Rover 109, Series III, pikapu ya petroli. Aina hii ilitengenezwa Uingereza kuanzia 1971 hadi 1985. Hiyo 109 ni inchi kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma; ile fupi ni 88. Baba mkubwa alilinunua kwenye mnada wa mradi mmoja uliokuwa unafungwa, akabebea vitunguu kutoka bondeni kwenda Karatu mpaka alipofariki. Jeneza lake lilibebwa na gari hilo hilo. Naeleza hili mapema kwa sababu kila hesabu niliyoifanya baadaye, mama mkubwa aliisikiliza akiwa na jambo hilo moyoni, na mshauri anayejifanya halioni hasikilizwi.

Wanawe wawili hawakukubaliana. Mdogo, ambaye ndiye dereva, alishapata fundi wa kuweka injini ya 3L ya dizeli pamoja na gia boksi yake, matairi mapana, na springi za kunyanyua gari. Bei, milioni 7 na nusu. Mkubwa, anayeishi Arusha, alikuja na mteja anayekusanya magari ya zamani, aliye tayari kutoa milioni 14, kwa sharti kwamba gari liwe na injini yake, namba zake zilingane na kadi, na dashibodi isiwe imekatwakatwa. Kwa hiyo kwa kaka mkubwa hata kubadilisha kioo cha pembeni ilikuwa dhambi. Mama mkubwa naye alikuwa na mjukuu anayekwenda kidato cha tano na vitunguu vilivyobakiza wiki tano kuvunwa.

Tuanze na neno hili "orijino", maana linatisha watu kuliko linavyostahili. Waliokuwepo Arusha Oktoba 2024 kwenye tamasha la Land Rover waliona magari ya kila umbo, na mengi yalikuwa na milango ya gari moja, boneti ya jingine na taa za la tatu. Ndivyo yalivyo. Bodi ya Land Rover ni vipande vya aluminiamu vilivyofungwa kwa bolti, na mtu yeyote mwenye spana anaweza kuvibadilisha. Hata gari lenyewe lilizaliwa hivyo. Maurice Wilks, mhandisi mkuu wa kampuni ya Rover, alikuwa na shamba na alikuwa akitumia Jeep iliyobaki kutoka vitani. Mwaka 1947 wenzake wakaunda gari la majaribio juu ya chesisi ya Jeep, na tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Aluminiamu ilitumika kwa sababu chuma kilikuwa kwa mgao baada ya vita. Na liliuzwa kwa wakulima: liliweza kutoa nguvu ya injini kwa mkanda au shafti likaendesha mashine za shambani. Kwa hiyo mtu asikwambie kwamba kuligusa gari hili ni kulinajisi. Lilitengenezwa ili liguswe.

Upande wa pili, kugeuza tu kwa sababu inawezekana hakuna faida. Wazee wa Kongwa wanakumbuka mpango wa karanga wa Waingereza, ulioanza 1947 na kufutwa 1951. Walileta hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta. Mashine zilikuwa na nguvu za kutosha, ila hakuna aliyepima kwanza kazi inayozisubiri.

Kupima kazi ndiyo niliyoanza nayo. Niliuliza: gari hili linakwenda Karatu mara ngapi kwa mwaka? Mdogo wangu akasema, "Karibu kila siku." Mama mkubwa hakusema kitu. Akaingia ndani akatoka na daftari la kaunta lenye jalada jekundu, ambalo baba mkubwa alikuwa akiandika kila safari, mzigo na mafuta, na baada yake mama mkubwa akaliendeleza. Tulihesabu miaka mitatu. Safari 38, safari 41, safari 33. Kwa wastani safari 37 kwa mwaka, nyingi zikiwa wakati wa mavuno.

Sasa fuateni hesabu, na wewe mwenye gari lako weka namba zako. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 100. Gari la petroli lilikuwa linakwenda kilomita 5 kwa lita, maana yake lita 20 kwa safari. Tukichukua lita moja kwa shilingi 3,000, ni shilingi 60,000. Fundi alisema 3L itakwenda kilomita 9 kwa lita, nikamkubalia. Hiyo ni lita 11, shilingi 33,000. Unaokoa 27,000 kila safari. Milioni 7 na nusu ukiigawa kwa 27,000 unapata safari 278 kabla injini haijajilipa. Kwa safari 37 kwa mwaka, ni miaka saba na nusu. Mwenye safari 150 kwa mwaka, hesabu hiyo hiyo inamrudishia fedha yake kabla ya miaka miwili kuisha, na huyo ningemwambia aende kwa fundi kesho asubuhi.

Mnaona, injini ni ile ile, bei ni ile ile, na majibu yanapingana. Ndiyo maana sipendi ushauri wa kijiweni unaosema "weka Toyota, utasahau shida." Kuku chotara wanamfaa mwenye uwezo wa chakula na chanjo, jirani yake akiwachukua bila hivyo anazika kuku. Magari nayo ndivyo yalivyo.

Tukaenda kwa fundi pamoja. Ni kijana hodari, kazi zake nimeziona. Nilimuuliza swali moja tu ambalo kila mmoja wenu anapaswa kuuliza: "Ile nyenzo yenye kitufe cha njano itafanya kazi?" Kwenye Series III unabonyeza kitufe hicho na magurudumu ya mbele yanaanza kuvuta, nyenzo nyekundu ni ya gia nzito. Fundi akatazama pembeni. Kwa bei ile, alisema, gia boksi ya Toyota ingepeleka nguvu nyuma tu. Kama tunataka magurudumu manne yavute, kuna kazi ya kutengeneza kiungo cha kuunganisha na boksi la chini la Land Rover, na bei inapanda. Wanaoijua njia ya Mang'ola mvua zikinyesha, na mchanga wa kule bondeni wakati wa kiangazi, wanajua maana ya hilo. Ungekuwa na pikapu ya kawaida yenye umbo la Land Rover na roho ya teksi.

Jambo jingine hasemi mtu mpaka uulize. Difu za magari haya zimepangwa kwa mwendo wa polepole, uwiano wa 4.7 kwa 1. Ukiweka injini ya dizeli bila kugusa difu, inaweza kupiga kelele ukitaka kwenda kasi. Ukigusa difu, umeongeza gharama. Na ukilipata lile gari la kasi ulilolitaka, bado breki ni zile zile za ngoma za zamani. Kila ukigeuza kimoja, cha pili kinaita cha tatu.

Turudi kwenye daftari. Nilisoma kurasa za nyuma, ambako matengenezo yameandikwa, na pale ndipo nilipoamua moyoni. Katika miaka mitatu gari lilisimama mara kumi na moja. Breki mara tatu. Oili sili na bering za magurudumu mara tatu. Majani ya springi mara mbili, na zote mbili siku zilizoandikwa lumbesa. (Nimesema tena na tena: gari hili limetengenezwa kubeba karibu tani moja. Magunia tisa ya kilo 100 linayamudu. Magunia tisa ya lumbesa yanavunja springi, na sheria ya vipimo inakataza lumbesa kwa hiyo unavunja vitu viwili kwa mkupuo.) Mara moja betri. Mara mbili imeandikwa "injini inakosa", na mara zote mbili dawa ilikuwa kusafisha kabureta. Injini ambayo kila mtu alikuwa anailaumu ilikuwa karibu haina hatia.

Lakini kilomita 5 kwa lita zilinisumbua. Nikamtafuta mzee mmoja fundi wa Karatu, wale wa zamani waliofundishwa kazi magari haya yalipokuwa mapya. Alifungua kabureta, akaweka rula juu ya uso wa kipande cha juu, akanionyesha mwanga unaopita katikati. Kimepinda kwa joto na kwa kukazwa bolti kupita kiasi. Petroli inavuja ndani, injini inakunywa bila kupumzika na haikai vizuri kwenye sailensa. Ni ugonjwa unaojulikana wa kabureta hizi. Akakisugua juu ya kioo chenye msasa mpaka kikalala sawa, akaweka gasketi mpya. Kisha akafungua silinda hedi. Mnakumbuka petroli ya zamani ilikuwa na madini ya risasi. Katika nchi zetu za Afrika kusini mwa Sahara iliondolewa kabisa mwanzoni mwa 2006. Ile risasi ilikuwa inalinda viti vya valvu. Injini za zamani zisizo na viti vigumu huliwa polepole, na dalili yake ni kwamba gepu la valvu linapungua, unalirekebisha, baada ya muda limepungua tena. Kwetu vilikuwa vimeanza kuliwa. Vikawekwa viti vipya vya chuma kigumu upande wa valvu za moshi.

Je, hapo gari bado ni orijino? Kaka mkubwa alimpigia simu yule mteja wake kuuliza, na jibu likawa kwamba hajali kilicho ndani ya hedi alimradi injini ni ile ile. Nilicheka. Lakini inafundisha kitu: anayelipa kwa ajili ya asili anatazama namba, chesisi, umbo na vitu vinavyoonekana. Viti vya valvu, kabureta iliyosawazishwa, mabomba mapya ya breki havipunguzi thamani, na vingine vinaongeza. Kinachopunguza ni kukata. Ukikata ukuta wa mbele ili injini ndefu ienee, ukichoma welding kwenye chesisi kushika mikono mipya ya injini, ukitoboa dashibodi kwa ajili ya redio, huwezi kurudi nyuma. Kufunga kwa bolti unaweza kufungua. Mimi hicho ndicho kipimo changu, na kwa mtu ambaye hana uhakika wa mwaka ujao utakuwaje, naona kinatosha.

Kuna kitu kimoja ambacho sikukubali kibaki kama kilivyotoka kiwandani, hata kama mteja angekasirika. Gari letu lilikuwa na masta silinda ya breki ya mkondo mmoja. Bomba moja likipasuka, pedali inazama mpaka chini na huna breki hata moja, na ukishuka Karatu kuelekea bondeni una mzigo na watu. Tuliweka ya mikondo miwili yenye buster, tukabadilisha mabomba yote, tukafunga mikanda ya viti. Kaka mkubwa alinung'unika kidogo. Mama mkubwa akamwambia, "Basi panda wewe nyuma ya vitunguu ukishika jeneza lingine." Hakunung'unika tena.

Kabla ya hayo yote, lakini, tulilaza gari juu ya mawe na kugonga chesisi kwa nyundo ndogo kutoka mbele hadi nyuma. Bodi ya aluminiamu inawadanganya wengi. Haishiki kutu ya chuma, inang'aa, na chini yake chesisi imebaki kama biskuti. Gonga hasa mikono inayotoka pembeni kushika bodi, sehemu za kufungia springi, na boriti ya nyuma kabisa. Mlio mkali ni salama. Mlio mzito kama wa debe lenye mchanga, chukua bisibisi uchokoe. Yule mwuliza swali wangu wa pili, wa upande wa Mbulu, ana 88 ambayo chesisi imeoza pande zote mbili, na alikuwa anataka kuweka injini ya milioni 6 juu yake. Nilimwambia aanze na chesisi au auze. Bado hajanijibu.

Gharama yetu yote, breki, hedi, kabureta, bering, sili na springi, ilifika milioni 2 na laki 3. Tulipopima baadaye, kwa kujaza tangi hadi juu na kuhesabu kilomita, gari linakwenda kilomita 6 kwa lita. Safari sasa ni petroli ya 50,000. Tofauti na dizeli imebaki 17,000, na injini ya 3L ingehitaji safari 441 kujilipa. Kwa safari 37, karibu miaka 12.

Mdogo wangu hakuridhika, na hoja yake ni nzuri kuliko nilivyotegemea. "Kaka," aliniambia, "unahesabu safari za gari bovu. Safari ni chache kwa sababu petroli ilikuwa inakula faida na gari lilikuwa linakufa. Likiwa zima zitaongezeka." Ni kweli. Daftari linaonyesha yaliyotokea; halionyeshi yangetokea nini. Lakini pia wakati wa mavuno wenye Fuso wanakuja mpaka shambani, na si kila safari anayoiota itampata mteja. Sikuwa na njia ya kumshinda kwa maneno, wala yeye mimi. Tukakubaliana mbele ya mama yake: gari lifanye kazi mwaka mmoja na injini yake. Zikifika safari 100, 3L itajilipa kwa miaka minne na nusu hivi, na hapo mimi mwenyewe nitachangia, kwa masharti mawili: magurudumu manne yavute, na hakuna kukata wala kuchoma chesisi. Injini ya zamani itapakwa grisi, itafunikwa na kuwekwa stoo na kila bolti yake. Zisipofika, mjadala umefungwa mpaka mwaka unaofuata.

Yule mteja wa milioni 14 mama mkubwa alimjibu mwenyewe. Alimwambia gari haliuzwi akiwa hai, lakini namba yake ya simu aiandike kwenye daftari. Ada ya mjukuu ilitoka kwenye vitunguu.

Kwa wale wawili walionipigia wiki iliyopita, mmoja wa Endabash na mmoja wa Haydom, majibu yenu yanatofautiana. Wewe ambaye gari lako lilishang'olewa injini miaka mingi na limekaa chini ya mkuyu, huna asili ya kulinda. Weka injini ambayo spea zake zinapatikana dukani kwenu, ulinde tu chesisi na magurudumu manne. Hakikisha unapewa risiti ya injini unayonunua, na namba mpya iingizwe kwenye kadi TRA kabla hujaanza kubeba mzigo, kwa sababu askari akifungua boneti na namba zikapishana, safari imeishia hapo, na bima nayo inaweza kukukana siku ya ajali. Wewe mwingine, ambaye una petroli nzima na unatembea mara moja kwa wiki kwenda mnadani, sawazisha kabureta kwanza halafu unipigie.

Daftari sasa analiandika mdogo wangu mwenyewe. Leo asubuhi amenitumia picha ya ukurasa: safari 31 tangu tuanze kuhesabu, ni mwezi wa nne.